Askari wa Risasi na Wapagazi Wasioonekana: Usahihi wa Historia katika Michezo ya Vita ya Vijisanamu

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wa somo la tafsiri matini ambayo hawakuitarajia. Walikuwa wamezoea barua za serikali, matangazo ya afya na kurasa za riwaya. Safari hii tuliwapa kurasa sita za kanuni za mchezo wa vita, ule unaochezwa mezani kwa vijisanamu vya askari, na vita vyenyewe ni vile vya Tanga vya Novemba 1914. Tulidhani tatizo litakuwa istilahi. Istilahi zilitusumbua kweli, lakini kilichotuchukulia muda mrefu zaidi kilikuwa swali jingine: mchezo wa namna hii unapojitangaza kuwa ni sahihi kihistoria, unadai nini hasa? Tunawaeleza wenzetu tulipofika, maana yeyote anayefundisha tafsiri au riwaya ya kihistoria atakutana na swali hilo hilo mlangoni kwake.

Tuanze na mchezo wenyewe kwa sababu wengi wetu hatujauona. Sisi wa huku Uganda tunaujua omweso, na ndugu zetu wa pwani wana bao. Katika michezo hiyo kuna kuteka na kutekwa, lakini haisimulii vita vyovyote vilivyopata kutokea. Hakuna awezaye kumwambia mcheza bao kwamba amekosea tarehe. Mchezo wa vijisanamu ni kitu kingine. Meza hufunikwa kitambaa, juu yake hupangwa vilima, miti na nyumba, kisha kila mchezaji huweka jeshi lake la vijisanamu vya madini au plastiki ambavyo aghalabu amevipaka rangi kwa mkono wake. Vikosi huhamishwa kwa zamu kwa kupimwa na rula, na dadu huamua ni nani aliyepigwa risasi, ni nani aliyekimbia na ni nani aliyesimama imara. Wanafunzi walipendekeza tuviite "midoli". Tulikataa, kwani mdoli hulazwa na mtoto kitandani. Tukakubaliana juu ya "vijisanamu".

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo ambao baba yake alikuwa ameuanzisha. Ulichezwa juu ya ramani ya skeli ya 1:8000, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita. Jambo kubwa zaidi ni kwamba palikuwa na mwamuzi. Wachezaji walimwandikia amri zao, naye peke yake ndiye aliyejua kila kikosi kilipo. Mchezaji alionyeshwa adui pale tu ambapo askari wake wangeweza kumwona. Tunaomba msomaji auweke moyoni mwamuzi huyo, tutamrudia. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells aliutoa mchezo jeshini akauleta sebuleni kwa kitabu chake Little Wars, ambamo askari wa kuchezea huangushwa kwa vizinga vya springi. Wells aliichukia vita, na alitumaini kwamba vita ndogo ya sakafuni ingewatosha watu. Mwaka uliofuata ikaja ile kubwa. Baada ya Vita vya Pili Mwingereza Donald Featherstone aliandika War Games mwaka 1962, na tangu hapo mchezo umekuwa burudani ya watu wazima wengi Ulaya na Marekani.

Watu wazima hao hugombana, na wanachogombania ni usahihi. Kuna wale ambao kwao usahihi ni vazi: rangi ya ukosi, idadi ya vifungo, umbo la kofia. Hatuwacheki. Ukimvisha askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, yaani KAR, mabuti mazuri ya ngozi katika mwaka 1914, umesema uongo kuhusu maisha yake, maana wengi wao walipigana miguu mitupu. Lakini vazi ndilo jambo jepesi kusahihisha. Tazama skeli. Kijisanamu cha kawaida cha milimita 28 kina skeli ya takriban 1:56. Bunduki inayopiga mita 400, kwa skeli hiyo, ingepaswa kufika zaidi ya mita 7 mezani, na meza nyingi hazizidi mita 2. Kwa hiyo mtungaji wa kanuni hana budi kufupisha: risasi inafika sentimita 60, nyumba moja inasimama badala ya mtaa, kijisanamu kimoja kinasimama badala ya watu 20. Huu si udanganyifu. Ni kama mfasiri anapopokea methali ya maneno manane na kuitoa kwa maneno matatu. Swali si kama amefupisha, bali amefupisha nini, na nani ametoweka katika kufupisha huko.

Kwa hili hatujaona mfano mzuri kuliko ule wa William Siborne, ijapokuwa yeye hakutengeneza mchezo bali mfano wa uwanja wa vita. Siborne alikuwa luteni wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 aliagizwa atengeneze mfano wa vita vya Waterloo, vilivyopiganwa tarehe 18 Juni 1815. Alikwenda akakaa miezi minane katika nyumba ya shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja ule, akipima kila bonde na kila mwinuko. Kisha akawaandikia barua maafisa waliokuwa hai bado. Aliwauliza walisimama wapi saa moja jioni, adui alikuwa wapi mbele yao, na hata shambani palikuwa na mazao gani siku ile. Majibu yalimjia kwa mamia. Kazi ilipoonyeshwa London mwaka 1838, ilikuwa na vijisanamu vipatavyo 75,000 vya bati na risasi, na upana wake ulizidi mita 5. Hadi leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Jeshi la Taifa, London.

Taabu ilitokana na saa moja jioni. Ushahidi alioukusanya ulionyesha kwamba saa hiyo majeshi ya Prussia chini ya Blücher yalikwisha kuingia vitani kwa wingi upande wa mashariki. Siborne akawaweka walipokuwa. Jambo hilo halikuwapendeza waliokuwa karibu na Duke wa Wellington, kwa sababu taarifa ya Duke mwenyewe ilikuwa imeufanya ushindi kuwa wa Waingereza zaidi, na Waprussia wakiingia mwishoni. Serikali ilikuwa imekwisha kuacha kumlipa tangu mwaka 1833, naye akaendelea kwa fedha za mikopo. Alibishana kwa muda, akatetea barua zake, hatimaye akasalimu amri: maelfu ya vijisanamu vya Prussia viling'olewa. Alifariki mwaka 1849 akiwa hajapata faida yoyote.

Wanafunzi walipolisikia jambo hili walimlaumu Siborne. Sisi tulimhurumia zaidi. Lakini mtazame mgeni anayeusimamia mfano ule: mashamba ni sahihi, nyumba ni sahihi, safu za Waingereza ni sahihi, na usahihi huo wote unamshawishi aamini kwamba upande wa mashariki palikuwa na watu wachache tu. Kosa la rangi ya ukosi hugunduliwa na mjuzi yeyote. Watu walioondolewa hawaachi alama.

Sasa Tanga. Hatukuwa na vijisanamu wala fedha za kuviagiza. Tuliunganisha meza mbili za ofisi ya walimu, tukachora bandari, mji, reli na mashamba ya minazi na mipira kwenye karatasi za manila, na askari wetu wakawa vizibo vya soda. Wanafunzi walisoma tafsiri yao wenyewe na kucheza kwa kuifuata, na hatujapata kuona njia bora ya kujua kama tafsiri ya maelekezo inaeleweka. Zamu tatu za kwanza ziliharibika kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichotafsiriwa "sogea" mahali palipotaka "geuka".

Historia kwa ufupi ni hii. Meja Jenerali Arthur Aitken alifika na jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, upande wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika, na kampuni zake nyingi zilibeba bunduki za muundo wa 1871 ambazo moshi wake ulimfichua kila aliyefyatua. Mapigano ya tarehe 3 na 4 Novemba yalikwisha kwa kushindwa Waingereza, na tarehe 5 walirudi melini wakiacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya nusu milioni. Miongoni mwa waliokufa upande wa Wajerumani alikuwa Kapteni Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani.

Katika mchezo wetu wa kwanza Aitken alishinda kabla ya chai ya saa nne. Haikuwa ajabu. Aitken wetu, binti mmoja mwerevu sana kutoka Mbale, aliiona meza nzima: alijua adui ni wachache, alijua wamejificha wapi, akawazunguka. Aitken mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba hakutakuwa na upinzani mkubwa, hakutuma watu wa kutosha kupeleleza, na wanajeshi wake walikuwa wametoka kukaa wiki kadhaa melini. Kanuni tulizotafsiri zilikuwa na jedwali la sare la kurasa mbili, lakini hazikuwa na neno hata moja kuhusu kutojua. Ndipo tulipomwita mwamuzi wa Reisswitz. Kila upande ulikaa chumba chake, ukaandika amri kwenye vikaratasi, nasi tukavichukua na kurudisha habari za yale tu yaliyoweza kuonekana. Mchezo ukabadilika kabisa. Usiku wa tarehe 4 Novemba 1914, kwa mfano, tarumbeta ya upande wa Wajerumani ilieleweka vibaya, vikosi vyao vikaondoka kwenda kambini, na mji wa Tanga ukabaki bila walinzi kwa saa kadhaa. Waingereza hawakujua. Jambo kama hilo haliwezi kutokea kwenye meza ambayo wote wanaiona, hata uvipake rangi vijisanamu vyako kwa miaka 10.

Nyuki nao tuwataje, kwa kuwa kila anayesikia habari za Tanga huwauliza. Makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi yaliwavamia wapiganaji, na kule Uingereza ulienea uvumi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Kanuni zetu ziliwapa nyuki dadu yao maalumu, ya kuwashambulia Waingereza peke yao. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza kwamba nyuki hao waliwatoa vitani baadhi ya wapiga bombomu wake pia. Nyuki hana bendera. Wanafunzi walilifurahia sahihisho hili kupita kiasi, na kwa zamu mbili hapakuwa na aliyetaka kuusogelea msitu.

Hapa istilahi zilitushika tena, na kwa neno ambalo tulidhani halina kazi: askari. Kanuni za Kiingereza huliacha neno hili kwa Kiswahili, na hulitumia kwa Mwafrika aliyetumikia jeshi la Mzungu tu. Mjerumani ni mwanajeshi, Mwingereza ni mwanajeshi, Mwafrika ni "askari", tena mwenye alama zake za ujasiri katika jedwali jingine. Kwetu sisi neno halina mpaka huo. Askari ni askari awe wa Prussia, wa Kashmir au wa Unyamwezi, na hata anayelinda lango la chuo chetu usiku ni askari. Tukitafsiri kwa uaminifu wa maneno, tofauti iliyojengwa katika Kiingereza inaanguka yenyewe, na jedwali linakosa maana. Baadhi ya wanafunzi walitaka tuandike "askari wa Kiafrika" ili kuilinda. Wengine waliuliza kwa nini tuilinde. Tuliwaambia warudi Tanga waone: kikosi kilichosimama imara kuliko vingi siku ile kilikuwa cha hao ambao jedwali liliwapa alama za chini. Hatimaye "wa Kiafrika" liliwekwa pale tu ambapo asili ya mtu ilihusu tendo lenyewe, nalo jedwali likatafsiriwa lilivyo. Bado hatuna hakika kama tulifanya vyema.

Katika mchezo wa tatu kijana mmoja aliyekuwa kimya kwa muda mrefu aliuliza, "Mwalimu, hawa watu wanakula nini?"

Tulipekua kurasa zote sita. Hazikuwa na chakula. Risasi hazikwisha, maji hayakwisha, bombomu lilisogea lenyewe. Vita vya Tanga vilikuwa vya siku chache karibu na reli, kwa hiyo pengo hilo linaweza kusameheka kidogo. Lakini kanuni zile zilidai kwamba zinafaa kwa vita vyote vya Afrika Mashariki hadi mwaka 1918, na kwa vita hivyo haziwezi kufaa. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwapo, na kila kitu kilibebwa kichwani. Kampuni moja ya Wajerumani ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, na pamoja nao wapagazi wapatao 250. Ukiweka kijisanamu kimoja kwa watu 10, askari ni 20 na wapagazi ni 25. Meza iliyo sahihi ina wapagazi wengi kuliko wapiganaji. Meza tunazoonyeshwa zina wapagazi wawili au watatu pembeni, kama pambo.

Tulifanya hesabu ubaoni, na tunawashauri wenzetu waifanye darasani, haihitaji zaidi ya kutoa na kuzidisha. Tuchukulie mpagazi amebeba kilo 25 za posho na anakula kilo 1 kwa siku. Ghala liko mwendo wa siku 10 nyuma ya jeshi. Kwenda atakula kilo 10, na kurudi kilo 10. Atakachowaachia wapiganaji ni kilo 5. Ghala likiwa mwendo wa siku 13, mpagazi huyo hawezi kuleta chochote bila kufa njaa njiani kurudi. Kulisha askari 1,000 kwa siku moja tu, kwa kilo 1 kila mmoja, ghala likiwa siku 10 nyuma, kunahitaji mizigo 200, na kesho yake mingine 200. Ndiyo maana watu walikusanywa kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na kwingineko, wengi wao kwa nguvu.

Waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikaribia 100,000. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, mahali zilipokuwa kambi zao. Wengi hununua nyanya Kariakoo bila kujua wametaja jina la jeshi. Katika sanamu za shaba pia hawakupewa nafasi sawa: ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 ni ya askari mmoja na bunduki yake, ingawa ile ya Nairobi ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Yule kijana aliyeuliza habari za chakula alitueleza baadaye kwamba kwao Busoga kuna hadithi ya babu wa babu yake aliyekwenda kubeba mizigo "katika vita vya Wajerumani" na hakurudi. Jina lipo, watoto wa ukoo bado wanalirithi, lakini kaburi halipo.

Katika mchezo wa nne tulitumia punje za mahindi. Punje moja ilikuwa wapagazi 10. Kila kikosi kilichotaka kwenda mbali na reli kililazimika kuonyesha punje zake, na kila zamu tatu dadu iliamua ni ngapi zimeugua. Mchezo ulikuwa wa polepole na kwa kweli ulichosha. Lettow-Vorbeck wetu alilalamika kwamba anatumia muda mwingi kuhesabu mahindi kuliko kupigana. Tulimjibu kwamba sasa anaanza kuwa sahihi. Tunakubali hata hivyo kwamba mchezo unaochosha hauchezwi, na mtungaji wa kanuni ana haki ya kuacha mambo. Tunachomdai ni aandike katika ukurasa wa kwanza kwamba ameacha, na ameacha nini.

Hapo ndipo wanafunzi wetu walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujakwisha hadi tunapoandika. Wapo waliotaka kanuni za wapagazi ziingizwe ndani ya tafsiri, kwa hoja kwamba mfasiri anayeujua ukweli na kuunyamazia anashiriki kosa. Wapo waliosema kwamba matini si yetu. Mfasiri akianza kutia yake, kesho mwingine ataondoa yasiyompendeza, na tutakuwa tumerudi kwa Siborne na vijisanamu vyake vya Prussia, ila kwa kugeuza upande. Sisi tuliegemea kundi la pili. Kurasa sita zilitafsiriwa zilivyo, pamoja na jedwali lake na dadu ya nyuki. Ukurasa wa saba, ulioandikwa na wanafunzi wenyewe na kupewa kichwa "Nyongeza ya Wafasiri", una kanuni za mwamuzi, nyuki wa pande zote na punje za mahindi. Nakala iko katika ofisi ya idara kwa mwalimu yeyote anayetaka kuijaribu darasani. Vizibo vya soda aje navyo, maana vyetu wahudumu walivitupa mwisho wa muhula.